Sura ya Saba: Jani la Rinagu na Seli ya Saratani

Katika masoko ya Nyamira, Keroka na Kebirigo, rinagu ni mboga kwanza. Huuzwa kwa mafungu kando ya mboga nyingine kama chinsaga na enderema, huchemshwa hadi uchungu wake upungue, hutiwa maziwa, ikaliwa kwa obokima, yaani ugali. Ila mboga hii hii, ambayo kwingineko huitwa managu au mnavu, hutajwa pia kuwa dawa, na miongoni mwa maradhi inayosifiwa kuyatibu ni saratani. Zamani aliyeusifu mmea alitosheka kusema kwamba wazee waliutumia. Siku hizi huongeza habari ya maabara: kwamba wanasayansi wameuona mmea ukiifanya seli ya saratani ijile yenyewe hadi ife. Habari hiyo haikutungwa. Utafiti upo, umechapishwa, na walioufanya ni watu wenye ujuzi. Hoja ya sura hii ni kwamba utafiti huo unatufunza mengi ya thamani kuhusu mimea yetu, lakini haumjibu mgonjwa swali lake; na kwamba anayeipenda kwa dhati mimea ya Gusii, nchi ya Kisii na Nyamira, ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai ushahidi mkali kabla ya kuiita dawa ya saratani. Sababu kubwa imo ndani ya jambo lenyewe linalosifiwa. Kujila kwa seli kunaweza kuiua saratani, na kunaweza pia kuilisha.

Tulitazame basi jambo lenyewe. Kila seli ya mwili hutengeneza protini usiku na mchana, na baadhi ya protini hizo huharibika, hujikunja vibaya au humaliza kazi yake. Mitokondria zinazoipa seli nguvu nazo huchakaa. Mabaki hayo yasipoondolewa huidhuru seli, kwa hiyo seli huyazungushia utando wa tabaka mbili ukawa kifuko, kisha kifuko hicho huungana na kingine kilichojaa asidi na vimeng'enya, kiitwacho lisosomu. Humo mabaki humeng'enywa yakarudi kuwa asidi amino na malighafi nyingine ambazo seli huzitumia upya. Mbelgiji Christian de Duve, aliyeigundua lisosomu mwaka 1955, ndiye aliyeupa utaratibu huu jina la otofajia mwaka 1963. Ilipita karibu miaka 30 kabla ya jeni zinazouendesha kujulikana. Yoshinori Ohsumi, mtafiti wa Kijapani, alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunjia mabaki, akainyima chakula, akaitazama kwa hadubini. Baada ya saa chache, chumba kikubwa kilicho ndani ya kila seli kilikuwa kimejaa vifuko vidogo vinavyotikisika huku na huko. Vilikuwa vimefika mahali pa kumeng'enywa, wala hapakuwa na cha kuvimeng'enya. Aliyachapisha hayo mwaka 1992, mwaka uliofuata akatangaza jeni 15 zinazohitajika ili kazi hiyo ifanyike, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. La kukumbuka kuhusu hamira ile ni kwamba ilianza kujila kwa sababu ilikuwa na njaa. Otofajia ni njia ya seli kujiokoa. Kifo, kikija, huja pale njia hiyo inapopita kiasi au inaposhindwa kukamilika.

Uhusiano wake na saratani ulidhihirika mwaka 1999, pale Beth Levine na wenzake nchini Marekani walipoichunguza jeni iitwayo beclin 1, ambayo huchochea otofajia. Nakala moja ya jeni hii iliripotiwa kukosekana katika saratani nyingi za matiti, ovari na tezi dume. Watafiti hao walipoirudisha kazi yake katika seli za saratani ya matiti zilizopungukiwa nayo, seli zilikua polepole, na uwezo wake wa kuotesha uvimbe kwa panya ukapungua. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba panya waliozaliwa na nakala moja tu ya jeni hiyo huota uvimbe mara nyingi kuliko wenzao. Seli inayojisafisha vizuri, basi, haigeuki kirahisi kuwa saratani. Lakini mwaka 2011 tafiti nyingine zilionyesha upande wa pili wa jambo hili. Uvimbe uliokwisha kukomaa, hasa ule unaosukumwa na jeni ya RAS kama zilivyo saratani nyingi za kongosho, huitegemea otofajia ili uendelee kuishi. Ndani ya uvimbe damu ni haba, oksijeni ni kidogo na chakula hakitoshi, na seli za saratani huvumilia dhiki hiyo kwa kujila kidogo kidogo. Ndiyo maana kuna madaktari ambao wamewapa wagonjwa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ambayo wazazi wetu waliimeza kutibu malaria, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga asidi ya lisosomu na kuizuia otofajia. Nako hakukuwa na ushindi rahisi. Katika jaribio la wagonjwa 112 wa saratani ya kongosho lililochapishwa mwaka 2019, uvimbe ulipungua kwa wengi zaidi wa waliopewa dawa hiyo pamoja na tibakemikali kuliko kwa wenzao waliopewa tibakemikali pekee, lakini idadi ya waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja haikuongezeka. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mmea fulani unachochea otofajia, bado hajausifu wala hajaulaumu. Hatujui kama unaizuia saratani isianze au unaipa riziki ile iliyokwisha kuota.

Turudi sasa kwenye rinagu, maana ushahidi wake unafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 2007 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya kuzimiminia seli za saratani ya ini, zile zinazoitwa HepG2, dondoo la Solanum nigrum, mmea wa jamii moja na rinagu. Dondoo lilipokuwa kali, miligramu 2 hadi 5 katika kila mililita, seli zilikufa kwa ule mpangilio ambao seli hujiua. Lilipokuwa hafifu, dalili za otofajia zilionekana. Haya ni matokeo ya kweli na yanastahili heshima. Lakini hebu tukipigie hesabu kipimo hicho. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 ana maji ya takriban lita 35 mwilini. Ili maji hayo yote yafikie miligramu 2 kwa mililita, atahitaji gramu 70 za dondoo kavu. Ili yafikie miligramu 5, atahitaji gramu 175. Hizo ni gramu za dondoo, si za majani, na zote zingepaswa kuingia katika damu kwa pamoja, bila utumbo kuzikataa, bila ini kuzivunja na bila figo kuzitoa. Seli zilizo ndani ya kisahani cha maabara hazina utumbo, ini wala figo za kuzikinga. Isitoshe, managu yanayolimwa Kisii na Nyamira mara nyingi ni Solanum scabrum na Solanum villosum, ndugu wa karibu wa mmea ule wa Taiwan lakini si wenyewe, na kemikali zake hutofautiana kwa aina, kwa udongo na kwa umri wa jani. Mimea ya jamii hii hubeba pia sumu za aina ya solanini, hasa katika matunda mabichi. Anayedhani kwamba dawa itapatikana kwa kusaga zaidi na kunywa zaidi anaisogelea sumu hiyo kabla hajakifikia kipimo cha maabara. Rinagu iliyopikwa vizuri ni mboga bora, na mgonjwa wa saratani anayeweza kula ataifaidi kama chakula.

Kuna tatizo jingine ambalo msomaji wa kawaida haelezwi. Watafiti huitambua otofajia kwa kuhesabu vile vifuko vyenye tabaka mbili, au kwa kupima protini iitwayo LC3 ambayo hukaa juu ya utando wake. Dondoo la mmea likiongezwa na vifuko vikaongezeka, ni rahisi kuandika kwamba mmea umechochea otofajia. Lakini marundo ya taka yakizidi sokoni, huenda wafagiaji wamechapa kazi kuliko kawaida, au huenda lori la kuzoa halikuja. Anayetazama marundo peke yake hawezi kujua. Vivyo hivyo vifuko huongezeka pale seli inapovitengeneza kwa wingi, na huongezeka vilevile pale lisosomu inaposhindwa kuvimaliza. Hali hizo mbili ni kinyume kabisa, na dawa inayoleta ya kwanza si dawa inayoleta ya pili. Ili kuzitenganisha, mtafiti hupaswa kuiziba lisosomu kwa makusudi na kupima tena, kisha azime jeni za otofajia na kuangalia kama seli zinakufa haraka zaidi au polepole zaidi. Zikifa haraka zaidi, otofajia ilikuwa ikizilinda dhidi ya mmea, wala haikuwa ikiziua. Tafiti nyingi za mimea hazikufika hatua hiyo. Zinatuonyesha seli iliyo katika dhiki, lakini hazituambii kama kujila kwake kulikuwa jitihada ya kupona au ndicho kifo chenyewe.

Nyamira ina mfano mwingine, wenye uzito kuliko rinagu, na huo ni chai. Majani yanayochumwa kwenye vilima hivi na kupelekwa viwanda vya Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo yana kemikali iitwayo EGCG, ambayo katika maabara ni miongoni mwa zilizochunguzwa sana kuhusu saratani na otofajia. Lakini kiwanda cha chai nyeusi huyakata majani na kuyaacha yapigwe na hewa hadi yageuke rangi, na katika kugeuka huko sehemu kubwa ya EGCG hubadilika kuwa kemikali nyingine. Hata anayekunywa chai ya kijani, ambayo haikupitia hatua hiyo, kwa kawaida hapati katika damu yake hata mikromoli moja kwa lita, ilhali tafiti za seli hutumia makumi ya mikromoli. Wakati huohuo, kuna jambo kuhusu chai yetu ambalo ushahidi wake umetoka kwa watu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na uhusiano wake na saratani ya umio. Magharibi mwa Kenya ni sehemu ya ukanda wa Afrika Mashariki ambamo saratani hiyo imekithiri, na hospitali ya Tenwek iliyo Bomet, jirani na Kisii, imetibu wagonjwa wengi ambao umio wao umeziba, baadhi yao wakiwa vijana. Visababishi vya ukanda huu bado vinachunguzwa na ni zaidi ya kimoja. Hata hivyo, anayeuliza chai inahusianaje na saratani hapa Nyamira ana jibu moja la kufanyia kazi leo: aiache ipoe kidogo. Jibu hilo halina mvuto wa kemikali ya ajabu, ila limepimwa kwa wanywaji wenyewe.

Pale ambapo kemikali za mimea zimetolewa kwenye kisahani na kupewa wagonjwa, tumejifunza unyenyekevu. Kurkumini ya manjano huchochea otofajia katika seli za saratani za aina kadhaa. Walipopewa watu gramu 8 kwa siku, kiasi ambacho hakuna mchuzi unaokifikia, kiwango kilichopatikana katika damu kilikuwa chini ya mikromoli 2, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilieleza kwamba kati ya majaribio zaidi ya 120 kwa watu, hakuna lililopangwa kwa ukali unaotakiwa ambalo lilifaulu. Resveratroli ya zabibu ilitengenezwa katika muundo maalumu na kupewa wagonjwa wa mieloma, saratani ya uboho. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2010 baada ya baadhi yao kuharibikiwa na figo. EGCG nayo ilitoa onyo ambalo kila familia yenye mgonjwa inapaswa kulisikia. Mwaka 2009 watafiti walionyesha, kwa seli na kwa panya, kwamba kemikali hiyo hushikana na bortezomibu, dawa ya hospitali ya kutibu mieloma, na kuizuia isifanye kazi. Mgonjwa anayemeza vidonge vya chai ya kijani ili kuisaidia dawa yake anaweza kuwa anaifuta. Wanaosema kwamba kitu cha asili kisipofaa hakidhuru wana jibu lao hapo.

Mtu anaweza kusema kwamba ninaubana mlango hadi mmea wowote usipite. Sivyo. Mimea imepita mlango huo, na mmojawapo umetoka Kenya. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali kali iliyotokana na kichaka cha Ethiopia cha jamii ya Maytenus, wakaiita maitansini. Ndugu yake, Maytenus buchananii, alipatikana katika Milima ya Shimba, Kwale, na katika miaka ya 1970 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilivuna huko kilo 27,215 za mmea huo kwa ajili ya utafiti. Kila kilo ilitoa kemikali isiyozidi miligramu mbili hivi, kwa hiyo tani zote hizo, hata zikitoa kila chembe, zisingefikisha gramu 60. Katika seli, maitansini ilikuwa kali mara mamia kuliko vinkristini, dawa inayotokana na ua la Madagaska na ambayo imewatibu watoto wa kanda ya Ziwa Viktoria wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958. Maitansini ilipopewa wagonjwa, ikawatapisha, ikawaharisha, ikawaumiza mishipa ya fahamu, na saratani zao hazikupungua kwa kiasi cha kuhalalisha mateso hayo. Ikawekwa kando. Kama ushahidi wa kisahani ungetosha, maitansini ingekuwa mfalme wa dawa za saratani tangu wakati huo.

Kilichoiokoa ni kuielewa. Ilionekana kwamba sumu hii ni kali mno kuzungushwa mwilini ikiwa huru, kwa hiyo wanakemia waliibadilisha kidogo na kuifunga kwenye kingamwili inayoitambua protini ya HER2, ambayo hujaa juu ya baadhi ya seli za saratani ya matiti. Kila kingamwili hubeba wastani wa molekuli tatu na nusu za sumu. Hushikilia HER2, seli ikaivuta ndani, ikaipeleka kwenye lisosomu. Hapo ndipo lisosomu tuliyoieleza mwanzoni mwa sura inapoingia kazini kwa namna ambayo hakuna mganga wala mwanakemia aliyeitarajia mwaka 1972: huimeng'enya kingamwili kama inavyoyameng'enya mabaki, na katika kuimeng'enya huifungulia sumu ya mmea, ambayo huvuruga nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa. Seli hufa kwa sababu imekula. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 991 waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa. Nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 30.9, wakati waliopata tiba ya kawaida ya wakati huo walikuwa na miezi 25.1. Iliidhinishwa Marekani mwezi Februari 2013, miaka 41 baada ya maitansini kutangazwa. Nayo leo haitoki Shimba. Mwaka 1977 iligunduliwa bakteria inayotengeneza kemikali za jamii hiyo, na kiwanda huikuza hiyo. Mmea ulitupa wazo na muundo; dawa ilitokana na kujua kemikali ipi, kiasi gani, ndani ya seli ipi, kwa mgonjwa yupi.

Pingamizi la kwanza ninalolichukua kwa uzito ni la wazee. Je, maarifa ya karne nyingi si ushahidi? Ni ushahidi, lakini nguvu yake hutegemea ugonjwa. Ababari, wapasuaji wa jadi wa Gusii, walifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wakaondoa mfupa uliovunjika, na madaktari wa karne ya 20 waliandika habari zao kwa mshangao. Ujuzi huo ulijisahihisha, kwa sababu mgonjwa alipona au alikufa mbele ya macho ya watu, katika siku au wiki chache, na fundi akajulikana kwa hesabu hiyo. Mtishamba wa kuhara au wa kidonda hupimwa kwa njia hiyohiyo. Saratani haimpi mganga nafasi hiyo. Huchukua miaka, hutulia na kuinuka tena, na bila kipande cha uvimbe kupimwa maabara hakuna anayejua kama ilikuwa saratani tangu mwanzo. Omoiri, mti ambao wanabotania huuita Prunus africana, unaonyesha vizuri mpaka huu. Gome lake lilijaribiwa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba bila saratani, na tathmini ya mwaka 2002 iliyojumlisha majaribio 18 na wanaume 1,562 ilikuta nafuu ya wastani katika dalili za mkojo. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakilitumia hawakukosea. Lakini dalili za tezi iliyovimba na dalili za saratani ya tezi dume zinafanana, na mwanamume anayepata nafuu ya mkojo kwa gome anaweza kuacha saratani ikikua kimya. Sifa hiyo ya gome iliugharimu pia mti: biashara yake ilizidi hadi mwaka 1995 ukawekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Pingamizi la pili ni kwamba kampuni za dawa huidharau mimea kwa kuwa haina faida kwao. Historia haikubaliani na hilo, kwa maana vinkristini, paklitakseli ya mti wa yuu wa Marekani na dawa iliyotokana na maitansini zote zimeuzwa na kampuni hizo hizo kwa bei kubwa. Lawama iliyo na haki ni nyingine: tani 27 zilitoka Kwale wakati ambapo hapakuwa na sheria ya kimataifa ya kugawana faida na wenye ardhi na maarifa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilikuja kuziba pengo hilo, na Kenya ikatunga sheria yake ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Ila haki hiyo hudaiwa kwa ushahidi. Jamii isiyo na kumbukumbu ya mmea upi, uliochumwa wapi, ulitumiwaje na nani, haina cha kuonyesha mezani siku ya mgao.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa wa Nyamira akiambiwa asubiri ushahidi, atasubiri wapi? Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 Wakenya 42,116 waligunduliwa kuwa na saratani na 27,092 walikufa kwayo. Wengi hufika hospitalini wamechelewa, na familia huuza ng'ombe na shamba kulipia nauli, vipimo na tiba. Mtishamba uko karibu, mganga anasikiliza, na bei inaelewana. Silipuuzi hilo hata kidogo. Lakini ufukara wa mgonjwa hauongezi nguvu ya jani, na matumaini yasiyopimwa nayo yana bei. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania, kikisifiwa kutibu saratani, UKIMWI na kisukari. Kikombe chenyewe kilikuwa rahisi. Gharama ilikuwa nauli, siku za foleni barabarani, na dawa ambazo baadhi ya wagonjwa waliziacha. Saratani ya shingo ya kizazi au ya matiti iliyoonekana mapema ina tiba inayofahamika. Miezi inayopotea kwa kujaribu majani ndiyo miezi ambayo tiba hiyo ingefaulu. Jibu la ughali wa hospitali ni kuidai serikali ya kaunti na ya taifa uchunguzi wa mapema na tiba iliyo karibu, wala si kumfanya maskini awe mtu anayepewa ushahidi hafifu kuliko tajiri.

Kwa hiyo kinachohitajika Kisii na Nyamira kinajulikana, na sehemu yake kubwa haigharimu mabilioni. Kila mmea unaosemwa kutibu saratani uchumwe pamoja na ua au tunda lake, utambuliwe kwa jina la kisayansi, na mganga aliyeuonyesha aandikwe kuwa mwenye maarifa hayo. Taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, ambayo ina kituo cha dawa za jadi tangu miaka ya 1980, pamoja na vyuo vikuu vya eneo hili, ipime sumu kabla ya kupima nguvu, na ipime otofajia kwa kuifuatilia hadi mwisho wake ndani ya lisosomu, si kwa kuhesabu vifuko pekee. Kliniki za saratani zimuulize kila mgonjwa, bila kumkemea, ni mitishamba gani anayoitumia, ziandike jibu, na zifuatilie yanayompata. Kumbukumbu hiyo ya miaka mitano ingetufunza zaidi ya visahani elfu. Mgonjwa naye amwambie daktari kila anachokunywa, hata kikionekana kidogo, na asiache matibabu kwa sababu ya habari iliyotoka kwenye seli za maabara. Naye anayeuza jani kwa jina la saratani aulizwe maswali manne: ni mmea gani hasa, kiasi gani hufika kwenye damu, umepewa wagonjwa wangapi ambao saratani yao ilithibitishwa, na waliishi muda gani wakilinganishwa na wasioutumia. Akikosa jibu la swali la mwisho, hajaleta dawa bado, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa zake.